Mdundo Ndani ya Nasibu: Namna Mitandao ya Neva ya Kompyuta Inavyolishwa Mapigo

Kipande cha ubongo kinachoigwa ndani ya kompyuta hakina macho, hakina masikio, wala hakina sehemu nyingine ya ubongo jirani ya kukitumia habari. Mtafiti anaweza kuandika milinganyo ya seli za neva 10,000, akaziunganisha kwa mamilioni ya sinapsi, akabonyeza kitufe, na asione kitu. Kila seli imetulia kwenye volteji yake ya mapumziko. Ili mtandao uamke ni lazima ulishwe, na chakula chenyewe mara nyingi ni mapigo ya kubuni: orodha ya nyakati zilizochotwa kwa nasibu, zikishika nafasi ya maelfu ya seli ambazo mtafiti hakuziweka katika mwigo wake.

Jambo hili huchukua mstari mmoja wa msimbo, na katika makala za kitaalamu mara nyingi hupewa sentensi moja. Lakini mstari huo ndio ulimwengu wote wa nje ambao mtandao utaujua. Na pale mtafiti anapotaka mapigo hayo ya nasibu yapande na kushuka kwa mdundo, kama ubongo halisi unavyofanya, mstari mmoja hugeuka kuwa maamuzi sita au saba, na kila uamuzi ni dai kuhusu ubongo hata kama aliyeuandika hakukusudia kudai lolote.

Kwanza, kwa nini nasibu? Mwaka 1926 Edgar Adrian wa Cambridge, akishirikiana na Yngve Zotterman, alionyesha kwamba uzi wa neva ya hisi hutuma mapigo yaliyo sawa kwa ukubwa. Kichocheo kikizidi, kinachoongezeka ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Basi kama mapigo yote yanafanana, kilichobaki kuchunguzwa ni nyakati zake. Na nyakati hizo, ukizitazama kwenye gamba la ubongo, ni za fujo. Mwaka 1993 William Softky na Christof Koch walipima rekodi za seli za sehemu ya kuonea za nyani waliokuwa macho, wakakuta kwamba vipindi kati ya pigo na pigo vinatofautiana mno: mchepuko wake ulikaribia kulingana na wastani wenyewe. Hiyo ndiyo alama ya mchakato wa Poisson, uliopewa jina la mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson aliyechapisha hesabu yake mwaka 1837, na ambao Ladislaus von Bortkiewicz aliufanya maarufu mwaka 1898 alipoutumia kueleza vifo vya askari wa Prussia waliopigwa mateke na farasi.

Fujo hiyo inatoka wapi? Jibu zuri lilikuja mwaka 1995. Zachary Mainen na Terrence Sejnowski walichukua vipande vya gamba la ubongo wa panya wakazipitishia seli zake mkondo wa umeme. Mkondo ulipokuwa tuli, mapigo yaliachana kutoka jaribio moja hadi jingine. Mkondo ulipotikisika kama unavyotikisika ndani ya ubongo hai, seli ileile ilirudia mapigo yake kwa usahihi wa chini ya milisekunde 1. Kwa maneno mengine, kiwanda cha pigo ndani ya seli ni cha kutegemewa sana. Kinachoyumba ni kile inachopokea. Ndiyo sababu waigaji wengi huziacha seli zao zifuate milinganyo isiyo na nasibu yoyote, kisha nasibu yote wakaimwaga mlangoni, kwenye mapigo yanayoingia.

Mdundo nao una historia yake. Hans Berger alichapisha mwaka 1929 rekodi zake za umeme wa ubongo kutoka juu ya fuvu la binadamu, na ndani yake kulikuwa na wimbi la mizunguko kama 10 kwa sekunde ambalo leo linaitwa alfa. Kwenye hipokampasi ya panya anayetembea kuna mdundo wa theta, karibu mizunguko 8 kwa sekunde. Mwaka 1989 Charles Gray na Wolf Singer waliripoti mdundo wa karibu mizunguko 40 kwa sekunde, uitwao gama, katika sehemu ya kuonea ya paka, na mwaka huohuo, pamoja na Peter König na Andreas Engel, walionyesha kuwa seli zilizoachana kwa milimita 7 zinaweza kupiga kwa mdundo mmoja. Kwa wagonjwa wa Parkinson, elektrodi zilizowekwa kwenye kiini cha subthalamasi zimenasa mdundo wa beta, kati ya mizunguko 13 na 30, unaopungua mgonjwa anapopewa dawa ya levodopa.

Hapa ndipo penye kitendawili kinachoupa uwanja huu ladha yake. Seli mojamoja inapiga ovyo. Kundi zima linakwenda kwa mdundo. Mambo hayo mawili hayapingani. Mvua ikinyesha juu ya paa la bati, hakuna tone linalojua tone jingine litaanguka lini, lakini upepo ukiisukuma mvua kwa mawimbi, aliye ndani ya nyumba husikia kishindo kikipanda na kushuka. Anayetaka kuiga hali hiyo huacha kila pigo liwe la nasibu, akakiyumbisha kitu kimoja tu: kasi, yaani idadi ya mapigo yanayotarajiwa kwa sekunde. Kasi ya wakati wowote ni wastani, ukijumlisha wimbi la saini, lile la somo la trigonometria, lenye kina, marudio na awamu yake. Wastani ukiwa mapigo 10 kwa sekunde na kina kikiwa 5, kasi itapanda hadi 15 na kushuka hadi 5. Marudio yakiwa mizunguko 8, itafanya hivyo kila baada ya milisekunde 125.

Fomula hiyo mwanafunzi wa kidato cha sita anaielewa. Kuigeuza iwe mapigo ndiko kunakotenganisha wajuzi na wanaobahatisha.

Njia nyepesi kuliko zote ni ya hatua kwa hatua. Muda unakatwa vipande vya, tuseme, milisekunde 1. Kwa kila kipande kompyuta inachota namba kati ya 0 na 1. Namba ikiwa ndogo kuliko kasi mara urefu wa kipande, pigo linaandikwa. Kwa kasi ya 10, uwezekano ni 0.01, na kosa la kusahau kwamba mapigo mawili yangeweza kuangukia kipande kimoja ni dogo mno: chini ya mara 1 katika vipande 10,000. Programu ya Brian, iliyoanzishwa na Dan Goodman na Romain Brette, hufanya hivyo kwa kundi lake la Poisson, na uzuri wake ni kwamba mtumiaji anaandika fomula ya kasi kama anavyoiandika daftarini, wimbi likiwemo, na kazi imekwisha.

Njia hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Katika mwigo maarufu wa Nicolas Brunel wa mwaka 2000, kama unavyotolewa kwenye mifano ya programu ya NEST, kuna seli 12,500, na kila moja inapokea kutoka nje mapigo 20,000 kwa sekunde, kwa niaba ya seli 1,000 zinazopiga mara 20 kila moja. Hatua ya muda ni milisekunde 0.1. Fanya hesabu: kila hatua inatarajiwa kuwa na mapigo 2. Uwezekano wa 2 ni upuuzi. Hakuna uwezekano unaozidi 1. Mtu akiilazimisha njia ya pigo moja kwa kipande hapo, mlango utajaa hadi ukingoni, na mdundo wowote aliouweka juu ya wastani utapotea bila ujumbe wa kosa kutokea kwenye skrini. Dawa ni kuchota idadi nzima ya mapigo ya hatua hiyo kutoka kwenye mgawanyo wa Poisson, 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kisha kuutuma mzigo huo kama tukio moja lenye idadi yake. NEST hufanya hivyo. Brian nayo ina chombo tofauti kwa ajili ya kazi hii, na anayetumia kile cha kwanza mahali pa cha pili hana wa kumlaumu.

Kosa la pili ni la hila zaidi, na hutokea kwa wanaotoka kwenye mapigo yasiyo na mdundo. Kwa kasi tuli ni rahisi kuchota kipindi hadi pigo lijalo kutoka kwenye mgawanyo wa kieksponenti, na ndivyo kinavyofanya kichocheo cha kawaida cha programu ya NEURON, ile ya Michael Hines na Ted Carnevale, mtumiaji anapokipa nasibu kamili. Mtu akitaka mdundo hushawishika kuchota kipindi kwa kutumia kasi ya sasa hivi, akaruka hadi pigo lijalo, akasoma kasi ya hapo, akachota tena. Inaonekana sawa. Sasa fikiria wimbi liko bondeni, kasi imeshuka karibu na 0: kipindi kitakachochotwa ni kirefu sana, na seli italala kupita kilele kinachofuata, pengine na vilele kumi baada yake, kana kwamba kilele hakikuwepo. Mapigo yatatoka, picha itaonekana ya nasibu, na wastani pamoja na awamu vyote vitakuwa vimepotoka.

Suluhisho safi limekuwepo tangu 1979. Peter Lewis na Gerald Shedler walichapisha njia ya kupunguza: chagua dari, kasi ya juu kuliko zote ambazo wimbi litafika, zalisha mapigo ya kasi hiyo tuli, kisha pita pigo kwa pigo, ukibakiza kila moja kwa uwezekano ulio sawa na kasi ya wakati huo ikigawanywa kwa dari. Hakuna makadirio, matokeo ni mchakato halisi wa Poisson wenye kasi inayoyumba. Gharama yake ni mapigo yanayotupwa. Wimbi likiwa na kina cha asilimia 10 tu ya wastani, hasara ni kama asilimia 9. Likiwa na kina kamili, linalogusa 0 bondeni, nusu ya mapigo huenda jaani.

Njia ya pili iliyo sahihi ni ya kupotosha saa. Badala ya kuhesabu muda kwa sekunde, unauhesabu kwa mapigo yanayotarajiwa: mahali kasi iko juu saa inakimbia, mahali iko chini inajikokota. Kwenye saa hiyo mpya mchakato wowote wa Poisson unakuwa wa kasi ya 1, vipindi vyake vinachotwa kirahisi, kisha kila wakati unarudishwa kwenye saa ya kawaida. Kwa wimbi la saini jumla ya kasi ina fomula yake, na kurudisha saa ni kutatua mlinganyo mmoja kwa hatua chache za Newton. Hesabu hiihii ikigeuzwa kichwa chini ni kipimo. Mwaka 2002 Emery Brown na wenzake walieleza jinsi ya kuchukua mapigo yaliyorekodiwa, kuyapitisha kwenye saa ya kasi inayodhaniwa, na kuangalia kwa jaribio la Kolmogorov na Smirnov kama vipindi vimekuwa vya kieksponenti. Anayejiandikia kizalishaji chake na asikipitishe kwenye jaribio hili anacheza pata potea, na jaribio lenyewe halizidi mistari kumi ya msimbo.

Tuseme mapigo sasa yanatoka kwa haki. Je, wimbi lenyewe ni la haki? Saini ni umbo la urahisi tu. Ubongo haukusaini mkataba nalo. Kizuizi cha kwanza ni kwamba kasi haiwezi kuwa hasi. Mtafiti akiweka kina kikubwa kuliko wastani, bonde la wimbi litashuka chini ya 0, na programu aidha itakataa au itakata sehemu hiyo na kuifanya 0. Kukata kunaonekana hakuna madhara. Lakini chukua wastani wa 10 na kina cha 20: baada ya kukata, wastani halisi unapanda hadi karibu 12.2, yaani asilimia 22 zaidi. Mtu anaweza kuandika kwamba mdundo mkali uliamsha mtandao, kumbe alichofanya ni kuumwagia mapigo zaidi.

Kizuizi cha pili kinahusu ukali wa mdundo. Mwaka 1969 Jay Goldberg na Paul Brown, wakichunguza seli za mfumo wa kusikia wa mbwa, walitumia kipimo ambacho fani nzima ya usikivu inakijua leo: chukua kila pigo, litazame kama mshale kwenye duara la awamu, jumlisha mishale yote, gawanya kwa idadi. Mapigo yote yakiangukia awamu moja jibu ni 1. Yakisambaa sawasawa kuzunguka duara ni 0. Sasa, kwa mapigo ya Poisson yanayoyumbishwa na saini, jibu ni nusu ya kina ukikilinganisha na wastani. Kina kamili kinatoa 0.5, na hapo saini imefika mwisho wa kamba yake. Nyuzi za neva ya kusikia ya paka, kwa sauti nzito, hupita 0.8. Hakuna saini duniani itakayoziiga.

Anayehitaji ukali huo huhamia umbo la von Mises, ambamo kosaini inawekwa juu kama kipeo na matokeo yanagawanywa kwa namba ya Bessel ili wastani ubaki palepale. Kigezo chake cha ukali kikiwa 5, kipimo cha Goldberg na Brown kinafika 0.89. Kilele nacho kinakuwa zaidi ya mara tano ya wastani, na njia ya Lewis na Shedler itatupa mapigo zaidi ya manne katika kila matano. Kwa sauti ya mizunguko 500 kwa sekunde, hatua ya milisekunde 1 pia haifai kabisa, kwani mzunguko mzima ni milisekunde 2. Maamuzi haya hayakai mbalimbali. Ukigusa moja, jingine linatikisika.

Swali zito kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni la nani anashiriki nini na nani. Mapigo ya seli 1,000 zenye mdundo mmoja yanaweza kuzalishwa kwa namna mbili. Ya kwanza: kila seli ina nasibu yake, ila kasi inapanda na kushuka kwa pamoja. Ya pili: orodha moja ya mapigo inatumwa kwa wote. Kizalishaji cha saini cha NEST kina swichi kwa ajili ya jambo hili hasa. Ikiachwa ilivyo, kila seli inayopokea hupata mapigo yake, na ikizimwa, wote wanapata yaleyale. Katika hali ya pili kila mtikisiko mdogo wa bahati unawapiga wote kwa wakati mmoja, na mtandao utaonekana umesawazika kwa namna ya kuvutia sana. Usawa huo umetoka kwenye swichi.

Namna ya kwanza nayo ina nguvu ambayo si rahisi kuihisi bila namba. Chukua mdundo dhaifu, wa kina cha asilimia 10: kasi inatoka 9 hadi 11 na kurudi, mara 8 kwa sekunde. Anayeisikiliza seli moja atahitaji takriban mapigo 1,200, yaani dakika 2 nzima, kabla jaribio la kawaida la awamu halijamruhusu kusema kwamba mdundo upo. Sasa asikilize seli 1,000 kwa pamoja katika dirisha la milisekunde 5. Anatarajia mapigo 50, yenye mchepuko wa nasibu wa karibu 7, na mdundo unaongeza au kupunguza 5. Bado nasibu inaufunika. Aende hadi seli 10,000: mapigo 500, mchepuko karibu 22, mdundo 50. Nasibu imekua kwa kipeuo cha pili cha idadi tu, mdundo umekua kwa idadi kamili, na kila mzunguko unaonekana kwa macho. Ndiyo maana elektrodi ya Berger iliyokaa nje ya fuvu iliona mdundo ambao seli moja ingeuficha.

Matokeo yake kwa mwigaji ni kwamba asilimia 10 si ndogo. Seli inayopokea kutoka kwa maelfu ya seli zenye mdundo wa asilimia 10 inapokea wimbi kubwa mno, na mtafiti aliyechagua namba hiyo kwa kuwa inaonekana ya staha amepiga kengele kwenye kila sikio la mtandao wake.

Poisson mwenyewe naye ana madai yasiyo ya kweli. Kwake pigo linaweza kufuata pigo papo hapo, ilhali seli hai inahitaji mapumziko ya milisekunde 1 hadi 2 kabla haijaweza kupiga tena. Kwa seli ya polepole tofauti ni ndogo. Kwa inayopiga mara 50 kwa sekunde yenye mapumziko ya milisekunde 2, uwiano wa mchepuko kwa wastani wa vipindi unashuka kutoka 1 hadi 0.9. Wanaotaka mapigo yenye mpangilio zaidi hutumia vipindi vya mgawanyo wa gama, ambavyo kigezo chake cha umbo kikiwa 4 hutoa uwiano wa 0.5, na NEST ina kizalishaji cha aina hiyo chenye mdundo wa saini. Lakini njia ya kupotosha saa ikitumika hapa, huvuta na kubana kila kitu, mapumziko ya seli yakiwemo: bondeni yanarefuka, kileleni yanafupika. Mapumziko ya seli hai yanahesabiwa kwa milisekunde na hayangoji wimbi.

Utetezi wa kawaida ni kwamba mapigo ya seli nyingi yakichanganywa, mchanganyiko unakuwa Poisson hata kama kila seli siyo. Upo msingi wa kihisabati wa kauli hiyo, ila mwaka 2006 Benjamin Lindner alionyesha mahali inapovuja. Vipindi vifupi vya mchanganyiko kweli huonekana vya Poisson, lakini ukipima nguvu ya mawimbi ya kila marudio, mchanganyiko unabeba umbo lilelile la seli mojamoja, likiwa limekuzwa tu. Kwa anayechunguza midundo, na nguvu ya mawimbi ndiyo kipimo chake cha kila siku, hilo ni onyo.

Na mdundo wa ubongo wenyewe haufuati saa ya ukutani. John O'Keefe na Michael Recce waliripoti mwaka 1993 kwamba seli ya mahali kwenye hipokampasi hupiga mapema zaidi katika kila mzunguko wa theta kadiri panya anavyolivuka eneo lake. Awamu inateleza, kwa hiyo kizalishaji chenye awamu moja ya kudumu kinafuta habari ambayo seli inaibeba. Mwaka 2011 Samuel Burns, Dajun Xing na Robert Shapley walipima mdundo wa gama kwenye sehemu ya kuonea ya nyani, wakakuta hauna tabia ya saa: unafanana na nasibu iliyochujwa, wenye kuzuka na kuzimika. Kwa hali kama hiyo kinachofaa ni mchakato aliouandika David Cox mwaka 1955, ambamo kasi yenyewe ni ya nasibu, na mapigo yanachotwa juu yake kwa nasibu ya pili. Ni kazi kidogo zaidi. Inashangaza jinsi wachache wanavyoifanya.

Upande wa namba nasibu zenyewe hauna haja ya maneno mengi. Zamani kulikuwa na RANDU, kizalishaji cha enzi za kompyuta kubwa za IBM, ambacho namba zake zikipangwa tatu tatu huangukia kwenye bapa 15 tu. Kisha walikuja Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1998 na Mersenne Twister, ambayo mzunguko wake una hatua 2 kwa kipeo cha 19,937 ukiondoa 1. Hatari ya leo haimo kwenye ubora wa namba. Imo kwenye mwigo uliogawanywa kwa vichakato mia, vyote vikiwa vimeanzishwa kwa mbegu moja, vikizalisha nasibu pacha mia ambazo mtafiti anazihesabu kuwa huru.

Baada ya yote hayo kuna swali ambalo hakuna algoriti itakayolijibu: je, mdundo ulipaswa kuletwa kutoka nje? Mwaka 1999 Nicolas Brunel na Vincent Hakim walionyesha kwamba mtandao wa seli zuizi, ukilishwa nasibu tuli isiyo na mdundo wowote, unaweza kuzaa mdundo wa haraka wenyewe, huku kila seli ikiendelea kupiga ovyo na mara chache kuliko mdundo wa jumla. Kumbe mdundo unaweza kuchipuka kutokana na uzuizi na ucheleweshaji wa sinapsi. Kwa hiyo mtu akiulisha mtandao wa viini vya chini vya ubongo mapigo yenye mdundo wa mizunguko 20, kisha akaona mizunguko 20 ikitoka, amethibitisha kwamba mtandao unapitisha alichoingiza. Hajasema lolote kuhusu chanzo cha beta ya Parkinson, na mjadala wa kama inazaliwa kwenye viini hivyo au inashuka kutoka kwenye gamba la ubongo hauwezi kuamuliwa kwa njia hiyo.

Mdundo wa kuingizwa una thamani yake mahali pengine: kama chombo cha kupimia. Bruce Knight alieleza tangu 1972 jinsi kundi la seli zenye nasibu linavyofuata kichocheo kinachoyumba kwa uaminifu ambao seli isiyo na nasibu haiwezi. Mtafiti anapitisha marudio kutoka 1 hadi mamia kwa sekunde, kina kikiwa kidogo, na kwa kila moja anapima matokeo yamepungua kiasi gani na yamechelewa kiasi gani. Timu ya Harold Köndgen ilifanya hivyo mwaka 2008 kwa seli hai za gamba la ubongo wa panya, ikizipa mkondo wa nasibu wenye saini ndani yake, ikakuta zinafuata mdundo hadi karibu mizunguko 200 kwa sekunde, ingawa zenyewe zilikuwa zikipiga mara chache zaidi kwa wastani. Hapo saini iko nyumbani, kwa sababu hakuna anayedai kwamba ubongo unaitumia, ni rula.

NEST, Brian na NEURON zote ni za bure, na mtandao wa Brunel wa seli 12,500 unaendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida. Msomaji mwenye kuzimudu aendeshe mtandao huo mara tatu kabla ya kuamini mchoro wowote wenye mdundo: mara ya kwanza kwa mapigo tuli 20,000, mara ya pili kwa wastani uleule wenye wimbi la asilimia 10, na mara ya tatu kwa wimbi hilohilo huku kila seli ikipewa awamu yake ya nasibu. Mdundo ukionekana katika mara ya pili pekee, umetoka mlangoni, na makala itakayoandikwa iseme hivyo, pamoja na kina, awamu, hatua ya muda, mbegu, na kama mapigo yaligawanywa au kila seli ilikuwa na yake.